Picha ya Pili ya Mwende

Risala ya Umoja wa Wenye Mifugo wa Waithaka, ikisomwa na katibu wao, Munyiva Ngui

Mgeni rasmi, Daktari Peres Obuya, Mwenyekiti wa Bodi ya Shirika la Tiba ya Wanyama Mjini; Bwana Tobias, meneja wa hospitali yetu kuu ya Hurlingham; wafanyakazi wa kliniki hii; na nyinyi wenzetu mlioacha mikokoteni huko nje, pamoja na wale mlioingia nayo mpaka ndani: hamjambo.

KARIBU

Mgeni rasmi, tumekuona ukishuka garini, ukatazama chini, ukachagua pa kukanyaga. Usijali. Tulifagia uwanja huu asubuhi, lakini punda hawasomi ratiba.

Sisi ni watu wa mikokoteni. Tunabeba maji, mawe ya ujenzi, makaa na viazi. Wengine wetu wana ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba za kupangisha, au mbuzi, au mbwa wa kulinda lango. Wazee wetu walitoka Kitui, Makueni, Siaya na Vihiga, na kila mmoja alisema amekuja Nairobi kwa muda mfupi. Sasa watoto wetu wakiulizwa kwao ni wapi, wanasema Waithaka.

Tulishauriwa kwamba wageni wa ngazi yako husomewa risala kwa Kiingereza. Tumeiandika kwa Kiswahili. Mzee Musili, ambaye jina lake utalisikia sana, ameketi safu ya mbele, na hatukutaka asemwe mbele ya macho yake halafu amuulize jirani amesemwaje.

Tunajua kilichokuleta. Bodi yako itakaa wiki hii kuamua kama mashine ya eksirei ya kidijitali iliyo ndani ya chumba hicho nyuma yako ibaki Waithaka au ihamishiwe Hurlingham. Mengine yote tutakayosema, hata yale yatakayoonekana kama tunapiga soga, yanahusu jambo hilo moja.

TULIKOTOKA

Kliniki hii ilianza kama kontena. Daktari Mutinda, ambaye sasa amestaafu, aliikatia dirisha kwa msumeno, akaweka meza, akaanza kutibu. Wakati huo eksirei ilikuwa ya filamu. Chumba cha giza kilikuwa choo, na dirisha la choo lilizibwa kwa blanketi. Picha ikishaoshwa ilianikwa kwenye kamba ya nguo, ikashikwa kwa vibanio, katikati ya makoti ya daktari. Mtu akipita barabarani aliona mbavu za mbwa zikipepea juani, akaharakisha hatua.

Filamu ilikuwa ghali. Ikitoka na giza, au mnyama akitikisika, Daktari Mutinda alishika kichwa. Kurudia picha lilikuwa jambo la kusikitisha, karibu la aibu. Tunaomba ulishike neno hilo, mgeni rasmi. Tutalirudia.

Na kwa punda hata hiyo filamu haikutumika sana. Punda akichechemea tulimshika mguu, tukabonyeza, tukakisia. Akipona tulisema tulikisia vizuri. Asipopona, watu wanaonunua ngozi walikuwa na masikio makali. Walifika kabla hujamaliza kusikitika.

TULICHOVUNA

Kisha shirika lako likatuletea mashine hii, na asante yetu haijapoa mpaka leo. Ina bamba jembamba kama sinia, linalowekwa nyuma ya mguu wa mnyama. Ina kisanduku kinachoshikwa mkononi kama kamera nzito. Ina kompyuta. Lornah, mpiga picha wetu, huvaa aproni yake ya madini ya risasi inayozuia miale, akatwambia tusogee, akabonyeza. Kabla hujakohoa, mfupa uko kwenye kioo. Anaweza kuukuza, kuung'arisha, kuugeuza, na kuutuma Hurlingham kwa mtandao, ambako Daktari Wambua, bingwa wa kusoma picha, huusoma na kujibu.

Mashine hii ilimwona mbwa wa Mama Kaindi akiwa na sindano ya kushonea ndani ya koo, uzi wake bado umo. Mama Kaindi alikodolea macho kioo kwa muda, halafu akasema, "Kumbe mbwa wangu ana mifupa mizuri hivi, na mimi humpa ugali tu." Mashine hii iliwaonyesha watu wa mikokoteni, kwa mara ya kwanza, kilicho ndani ya ukwato. Tulikuwa tumeishi na kwato tangu utotoni tukidhani ni kitu kigumu kitupu. Tuliona kuna mfupa humo, mdogo, mzuri, umechongoka mbele kama ncha ya jembe. Tangu siku hiyo kuna wenzetu ambao hawapigi punda wao miguuni tena. Hakuna semina iliyowahi kufanya hivyo.

KISA CHA MWENDE

Mgeni rasmi, yaliyobaki tunaweza kuyaeleza kwa hoja. Tumechagua kuyaeleza kwa punda.

Mzee Musili alimnunua punda huyu akiwa bado ana manyoya ya utoto, akampa jina Mwende, yaani apendwaye. Wenzake walimcheka sana. Punda huitwa Kamanda, au Tinga, au hapewi jina. Nani humwita punda kwa jina la msichana anayekwenda kuposwa? Musili alimfunga mkokoteni, akampakia mitungi ya maji, na kwa maji hayo bintiye alisoma mpaka akamaliza.

Kisha Mwende akaanza kuinua mguu wa mbele wa kushoto. Mwanzo aliuinua akisimama tu. Baadaye alikataa kuukanyagia kabisa.

Musili alifanya tunachofanya sote. Alichukua mrututu, yale mawe ya buluu, akayasaga, akayachanganya na grisi ya gari, akajaza mchanganyiko ule katika mtaro ulio chini ya ukwato na kuusukuma ndani kwa kidole gumba. Mgeni rasmi, wewe ni daktari, unajua mrututu unavyounguza nyama nzima pamoja na mbovu. Sisi tunajua kwamba baba zetu waliutumia, na baadhi ya punda walipona.

Mwende hakupona. Ikabidi Musili amlete hapa.

Sasa, langoni mwa kliniki hii pana bango. Umelipita ukiingia. Lina picha ya jiwe la buluu lililopigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na maneno kwamba anayemtia mnyama mrututu asitarajie huduma. Bango hilo lililetwa siku ya mafunzo. Siku hiyo afisa mmoja kutoka Hurlingham aliuchukua mkebe wa mrututu wa Musili, akauinua juu watu wauone, akauliza, "Wazee, hii ni karne ya ngapi?" Watu wakacheka. Musili naye akacheka, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya wenzake hana mahali pengine pa kuweka uso wake.

Kwa hiyo, kabla ya kumleta Mwende, aliuosha mguu kwa sabuni mpaka goti. Kisha akapaka tope chini ya ukwato, tope safi la kawaida, ili buluu isionekane. Akapita chini ya bango akiwa ameshika kamba fupi.

"Umempaka kitu chochote?" Lornah alimuuliza.

"Hapana, madam. Maji tu."

Lornah aliusugua ukwato kwa brashi. Tope likatoka. Lakini mchanganyiko ule ukikauka hushika kama sehemu ya ukwato wenyewe, na grisi huufanya mweusi kama ukwato wenyewe. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Akapiga picha, akaituma.

Jibu la Daktari Wambua lilirudi upesi. Ncha ya mfupa imevunjika. Vipande vimetawanyika mbele yake. Kwa punda wa kuvuta mzigo jeraha hili haliponi. Mnyama apumzishwe bila maumivu. Hatumlaumu daktari hata kidogo. Alisoma alichokiona, na alichokiona kilikuwepo.

"Mzee Musili," Lornah alisema, "kaa kidogo."

"Nikikaa, Mwende naye atalala. Sema tu nikiwa nimesimama."

Lornah akamgeuzia kompyuta. "Huu ni mfupa wa ndani ya kwato. Unaona hizi nyeupe hapa mbele? Daktari anasema ni vipande. Mfupa umevunjika."

"Sasa?"

"Sasa hawezi kupona avute tena. Amesema tumpumzishe."

"Kumpumzisha ni kufanya nini?"

Musili alijua ni kufanya nini. Aliuliza ili atakayefanya aseme kwa mdomo wake.

"Ni sindano, mzee," Lornah alisema polepole. "Hatasikia uchungu."

Kimanzi, aliyekuwa nyuma yake katika foleni na mbuzi wake, akaona afariji. "Wee buda, afadhali sindano kuliko wale wa ngozi. Angalau wewe utamzika."

Musili hakumsikia. Alikuwa anatazama zile chembe nyeupe. Zilikuwa zimekaa upande mmoja, zimebanana, kisha zikatawanyika kidogo, kama kitu kilichosukumwa na kidole. Alikumbuka mkono wake ulivyokuwa chini ya ukwato. Alikumbuka alivyosukuma mara ya mwisho, kwa nguvu, Mwende akaruka. Akautazama ukucha wa kidole chake gumba. Chini yake buluu ilikuwa haijatoka. Akakikunja kidole ndani ya ngumi.

Fikiri alivyofikiri yeye, mgeni rasmi. Akisema, foleni nzima itasikia, na lile bango litamhusu yeye kwa jina. Atarudishwa nyumbani na punda mgonjwa, watu wakicheka tena. Akinyamaza, ataondoka na kamba tupu, lakini hakuna atakayejua. Kuna watu wazima, wenye akili timamu, ambao wangenyamaza. Tupo humu.

Lornah alirudi na karatasi ya idhini na kalamu, na nyuma yake akaja Daktari Veronicah wa kliniki hii na trei ya sindano. Musili aliipokea kalamu. Huwezi kushika kalamu huku umeficha kidole gumba. Akakitoa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kalamu chini.

"Madam," alisema. "Hiyo nyeupe si mfupa."

"Ni nini?"

"Ni mimi."

"Ni wewe aje?"

"Ni mrututu. Nilimwekea. Halafu nikapaka matope ndio usione."

Kimanzi akapasuka: "Ai, Musili! Unataka punda iuliwe juu ya aibu?"

Lornah alikuwa amekasirika mpaka sauti ikamtoka nyembamba. "Lakini nilikuuliza, mzee! Nilikuuliza na ukaniangalia machoni, ukasema maji tu!"

"Uliniuliza," Musili alisema, "tukiwa tumetoka tu chini ya bango."

Lornah alimtazama, akatazama nje langoni, akamwambia Daktari Veronicah arudishe ile trei. Akaleta beseni la maji ya moto. Walimsimamisha Mwende ndani ya beseni mpaka ukwato ukalainika, wakauchokonoa, wakauosha, wakauchokonoa tena, na maji yakageuka buluu kama sare za shule.

Lakini haikutosha kuosha. Mtaro mtupu chini ya ukwato hushika hewa, na hewa kwenye picha huchora mistari myeusi inayofanana na nyufa. Kwa hiyo mtaro hujazwa kitu laini. Huko vyuoni hutumia udongo wa watoto wa kuchezea. Hapa Lornah alitoka mpaka langoni kwa Mama Philister anayepika chapati.

"Mama, nipe donge moja la unga."

"La kula?"

"La kuweka kwa mguu wa punda."

"Unga yangu iende kwa mguu wa punda, na hawa wote wananunua hapa?"

"Mama, tafadhali. Donge moja."

"Chukua. Lakini usiseme ni yangu."

Mama Philister, tusamehe... La. Neno hilo leo tumeamua kulitumia kwa uangalifu. Mama Philister, tumesema ni wako, na tunakushukuru.

Picha ya pili ilipigwa. Zile chembe nyeupe hazikuwepo. Ncha ya mfupa ilikuwa nzima, laini, imechongoka kama siku Mungu alipoichonga. Na pale ambapo weupe ulikuwa umefunika kila kitu, palionekana doa dogo jeusi kati ya mfupa na ukuta wa ukwato. Lilikuwa jipu, limejaa usaha na hewa. Lornah akaituma.

Safari hii Daktari Wambua hakuandika. Alipiga simu.

"Lornah, huyu ni punda yule yule?"

"Ni yule yule, daktari."

"Basi fungueni ukwato. Na mwambieni mwenyewe asante."

Daktari Veronicah alichonga tundu chini ya ukwato kwa kisu. Usaha mweusi ulitoka kwa kasi, ukamrukia Kimanzi viatuni, kwa kuwa Kimanzi hajui kusimama mbali na mambo ya watu. Mwende aliushusha mguu, akaujaribu, akaukanyagia. Akashusha pumzi kama mtu aliyevua kiatu cha kubana.

Siku kadhaa baadaye alirudi kazini. Mgeni rasmi, ukigeuka kulia utamwona. Ni yule anayekula maua tuliyokuwekea mezani.

CHANGAMOTO

Hatuna haja ya kukuchosha na changamoto za kila kliniki. Umeme hupotea. Mtandao wa kompyuta ukikatika, watu hupiga picha ya kioo kwa simu na kuituma hivyo hivyo, na ufa mdogo hupotelea njiani. Hayo tutayavumilia.

Changamoto yetu kubwa ni ripoti. Hurlingham imeandika kwamba tawi la Waithaka hurudia picha kuliko tawi lolote, na kwamba hilo linaonyesha mashine inatumiwa vibaya. Kwa hiyo, ripoti inasema, mashine ihamishwe ikawe mahali ambapo kazi hufanywa vizuri mara ya kwanza. Wanyama wetu watakuwa wakipelekwa huko.

Ni kweli, tunarudia. Mgeni rasmi, hebu tulifikirie jambo hili pamoja, kwa utulivu, maana sisi tumelifikiria sana tukiwa nyuma ya mikokoteni, na nyuma ya mkokoteni mtu hupata nafasi ya kufikiri.

Mbwa anayeletwa Hurlingham huletwa ameoga. Ana daktari wake tangu utotoni. Mwenye mbwa akiulizwa amempa nini, hutaja jina la dawa kwa fahari. Mnyama wetu hufika na matope, na dawa ya nyumbani, na hofu ya mwenyewe. Picha ya kwanza hutuonyesha sisi: tulichomwekea, tulichoficha, tulichosahau kusema. Ni picha ya pili inayomwonyesha mnyama. Zamani za filamu, kurudia picha kulikuwa hasara. Mashine ya kidijitali imeiondoa hasara hiyo, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Lakini aliyeiandika ripoti anahesabu kama bado tunaanika mbavu za mbwa kwenye kamba ya nguo.

Mashine ikiwa Hurlingham, punda anayechechemea hataifikia kwa miguu. Mtu atakopa, atakodi pikapu, atapigiwa picha moja, atapewa jibu, atarudi. Hakuna atakayekodi pikapu mara ya pili ili kusema, "Hiyo nyeupe ni mimi." Ujasiri wa namna ile hauji ukiwa mbali na nyumbani, mbele ya watu usiowajua, sakafu ikiwa inang'aa. Mwende angekuwa amekufa. Na picha yake ya kwanza ingehifadhiwa ndani ya kompyuta kama ushahidi kwamba mashine ilifanya kazi vizuri.

Hayo ndiyo yaliyokuwa vichwani mwetu asubuhi ile pikapu ya Hurlingham ilipokuja kuichukua mashine, kabla hata bodi yako haijakaa. Hakuna mtu aliyeitisha mkutano. Musili alikuwa anapita na maji. Aliona kisanduku kikitolewa mlangoni, akageuza, akasimamisha mkokoteni wake katikati ya lango. Kimanzi akasimamisha wake nyuma yake. Wengine wakaja, mpaka lango likawa halionekani.

Dereva wa pikapu alishuka, kijana mwenye adabu. "Wazee wangu," alisema, "mimi ni dereva tu."

"Na huyu ni punda tu," Musili akamjibu. "Mwambie asonge."

Dereva alimtazama Mwende. Mwende alimtazama dereva. Kijana akazima gari, akanunua chapati kwa Mama Philister, akala ameegemea mlango, kisha akasaidia kurudisha mashine ndani kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyeguswa. Hakuna aliyetukanwa, isipokuwa Kimanzi, na yeye amezoea.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaiomba bodi yako iiache mashine hii Waithaka. Hili ndilo ombi. Ukilisahau lolote kati ya yanayofuata, hili usilisahau.

Tunaomba pia picha ya pili iandikwe kwenye ripoti zenu kama sehemu ya matibabu. Daktari anayempima mgonjwa mara mbili haitwi mzembe. Na kama Hurlingham inahitaji mashine, na tunaamini inahitaji, itafutiwe yake; mbwa wa kule nao wana mifupa.

Halafu kuna bango. Tunaomba liondolewe. Hatusemi mrututu ni mzuri. Musili mwenyewe ameumwaga, na sasa anawafundisha vijana wa mikokoteni kuosha kwato kwa maji ya chumvi. Lakini bango halikumfundisha kuacha mrututu. Lilimfundisha kupaka tope juu yake. Mahali pake wekeni swali tu, kwa herufi kubwa: UMEMWEKEA NINI? TUAMBIE, TUTAMTIBU. Tutalipaka rangi wenyewe. Mkitaka kutufundisha jambo, njooni mtuonyeshe kwenye kioo, kama tulivyoonyeshwa mfupa wa ukwato. Tunaelewa tukionyeshwa. Tukichekwa tunacheka pia, halafu tunaenda kuficha.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakutakia heri katika kazi yako. Mungu akupe usikivu siku utakapokaa na bodi, na akukumbushe harufu ya uwanja huu hata ukiwa ndani ya ofisi zenye zulia. Aitulize mikono ya Lornah, amwongezee Daktari Wambua macho, na awabariki wote wanaotibu viumbe wasioweza kusema panapouma.

Limebaki jambo moja, na Bwana Tobias amekwisha kufunua ratiba yake kulitafuta. Tulipoomba nafasi ya kusoma risala hii, tuliambiwa tutapewa kwa sharti kwamba mwishoni tutaomba radhi kwa kufunga lango. Tuliandikiwa hata maneno yenyewe: kwamba tunasikitika kwa kitendo cha utovu wa nidhamu. Tulikaa nayo maneno hayo. Katibu aliyasoma kwa sauti mbele ya wanachama. Musili alitaka yasomwe tena, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo ni matope ya kupaka juu."

Bwana Tobias, tunakuheshimu, na chakula chako kimeandaliwa kama cha wageni wengine. Lakini mzee huyu aliona haya mara moja, na haya ile ilimfikisha Mwende hatua moja kutoka kwenye sindano. Aliyemwokoa ni yeye mwenyewe, siku alipotoa kidole chake hadharani na kusema alichofanya. Nasi tunasema tulichofanya. Tulisimamisha mikokoteni langoni, mchana kweupe, tukijua tunachozuia. Pikapu ikirudi kesho, itatukuta pale pale.

Sisi, Umoja wa Wenye Mifugo wa Waithaka, hatuombi radhi.